Kabla ya kuanza ARV au kuzirudia, linda ubongo

Ukigundulika na VVU leo, au ukirudi kliniki baada ya kuacha dawa kwa miezi, uliza kwanza kipimo cha CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu. Kipimo cha wingi wa virusi hakikuambii kinga imeshuka kiasi gani. CD4 ikiwa chini ya 200, omba damu ipimwe pia fangasi wa kriptokokasi, anayeshambulia utando wa ubongo. Fangasi huyu huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na wakati huo vidonge vya flukonazoli vinaweza kumzuia. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kipimo hiki, pamoja na wagonjwa kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo, vilipunguza vifo kwa asilimia 28.

Kama kichwa kinauma siku nyingi na hakisikii panadol, unatapika, unaona vitu viwili viwili, shingo imekaza au ndugu wanasema umeanza kuchanganyikiwa, sema kabla hujapewa ARV. Usifiche kwa hofu ya kucheleweshewa dawa. Mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi hutibiwa fangasi kwanza, ARV zikasubiri wiki 4 hadi 6, kwa sababu kinga ikiamka ghafla ubongo unaweza kuvimba. Usiye na dalili hizo, anza ARV mara mtoa huduma anaporuhusu.

Daktari akitaka kuchukua maji ya mgongo, kubali. Najua yanayosemwa mitaani, kwamba sindano ile inaua au inapoozesha. Inachomwa sehemu ya chini ya mgongo, usawa wa kiuno, mahali ambapo uti wenyewe wa mishipa ya fahamu umeshaishia. Wanaofariki baada yake mara nyingi walifikishwa hospitali wakiwa wamezidiwa. Na kwa kriptokokasi maji yale ni tiba pia: presha kichwani inashuka, na maumivu hupungua.

Septrin ya kila siku usiidharau. Inakinga ubongo dhidi ya toksoplasma, kimelea cha nyama isiyoiva na kinyesi cha paka. Kikohozi, homa za jioni au kupungua uzito vitaje pia, maana TB nayo hupanda hadi kwenye ubongo. Usipokuwa na TB, ulizia dawa za kuikinga.

Mwisho, chagua mtu mmoja nyumbani umweleze dalili hizi. Anayechanganyikiwa hajipeleki hospitali mwenyewe.