Kambale asiyenuka tope

Nimezaliwa Kyela, nimekula magege na mbasa wa Ziwa Nyasa tangu sijaota meno. Ziwa lile lina kina kinachopita mita 700 na maji yake ni maangavu, kwa hiyo samaki wake humfanyii mengi: chumvi, mafuta, karibuni mezani. Nilipoolewa huku Uyole, Mbeya, nikajiona fundi. Mwezi wa kwanza tu nikaletewa kambale wawili kutoka majaruba ya mpunga ya Usangu, kila mmoja mnene kama mkono wa mtu mzima. Nikawapika kama nipikavyo magege. Kwetu mkwe wa kike hakai uso kwa uso na baba mkwe, hivyo hukumu ilinifikia jikoni kwa kinywa cha mama mkwe: "Mwanangu, baba yako anauliza, huyu samaki amevuliwa au amelimwa?"

Na nilikuwa nimewaosha mara nne!

Hapo ndipo wengi tunapopotea, tunadhani tope liko juu ya samaki. Harufu ile inaletwa na kitu kiitwacho jiosmini, kinachotengenezwa na vijidudu vya kwenye tope na aina fulani ya mwani. Ndiyo ile ile unayoisikia mvua za kwanza za Novemba zikigonga vumbi, na ndiyo inayoipa bitiruti ladha ya udongo. Si sumu. Samaki anaivuta kwa matamvua, inapita kwenye damu, inakwenda kujificha kwenye mafuta yake. Maji ya bomba hayafiki huko. Bizari nayo inakudanganya matonge mawili, la tatu unakutana na tope lako.

Kazi inaanzia sokoni. Pale Mwanjelwa mimi siulizi bei kwanza, nauliza katoka wapi. Akisema Kyela, naweka kwenye kikapu. Akisema Rukwa, nafunua mashavu na kunusa, maana ziwa lile ni la kina kifupi na maji yake yamevurugika. Perege wa bwawa la kuchimba ndiye wa kuchunguza zaidi. Sisemi mabwawa ni mabaya, nina jirani anafuga perege safi kabisa, ila yuko anayemwaga samadi na pumba mpaka maji yanakuwa kijani kama mlenda, halafu anavua asubuhi na kuuza mchana. Nikitaka kuchukua kilo nyingi kwa mfugaji, namwomba samaki mmoja. Nakata kipande cha mkia, naweka kwenye kisufuria na maji vijiko viwili, bila chumvi wala kitunguu, nafunika dakika tano. Kisha nainua mfuniko na kuweka pua hapo hapo, kabla mvuke haujatawanyika. Kama ni tope, litakusalimia lenyewe. Wafugaji wengine hununa. Wanune.

Kambale ukimpata mzima una bahati, kwa sababu anaweza kujisafisha mwenyewe. Anavuta hewa ya juu, hivyo anavumilia kwenye ndoo, wakati perege atakufia humo. Jaza maji yaliyolala usiku kucha ili dawa ya bombani ipungue, badilisha asubuhi na jioni, na usimpe chakula chochote. Wengi husema siku mbili. Kwa joto la Kyela huenda, lakini kwa baridi yetu ya Juni na Julai mwili wa samaki unafanya kazi taratibu, kwa hiyo mimi namwacha siku tano. Funika ndoo kwa ubao na juu yake weka tofali. Mwaka wa kwanza niliweka sinia tupu. Saa nane za usiku nikasikia kishindo, nikatoka na tochi nikidhani mwizi, kumbe kambale yuko mlangoni anaelekea barabarani.

Siku ya kumpika, toa ute kwanza. Msugue kwa majivu na chumvi kiganja kimoja mpaka mkono usiteleze, kisha suuza. Kama harufu yake ni kali, mchune. Mchanje ngozi kuzunguka shingo, mtundike kichwa kwenye msumari, shika ukingo wa ngozi kwa koleo na uvute kuelekea mkiani; inatoka yote kama soksi. Ukishamchuna utaona ubavuni mstari wa nyama nyeusi uliolala kuanzia kichwani hadi mkiani. Huo ukate, pamoja na mafuta ya njano ya tumboni. Usiyaonee huruma, ndimo tope linamoishi. Perege yeye para magamba, toa matamvua, kisha angalia ndani ya tumbo: kuna utando mweusi umeshikana na mbavu. Ukwangue kwa ukucha au kwa kitambaa kikavu, na ile damu iliyoganda kwenye uti uitoe kwa ncha ya kisu.

Sasa kitu chachu. Asidi inaivunja jiosmini, ndiyo sababu bibi zetu walipaka ndimu bila kusoma kemia. Kilo moja ya vipande naikamulia ndimu nne, nageuzageuza, nasubiri nusu saa. Usiiache mpaka jioni, nyama itakuwa nyeupe na kumumunyuka. Ndimu zikipanda bei natumia maziwa mgando, ambayo huku hatuna shida nayo, Rungwe ya ng'ombe wa maziwa ipo hapo tu. Yanafunika vipande kwa saa moja, kisha nasuuza na kukausha kwa kitambaa. Kukausha ni lazima. Samaki mbichi mwenye maji anachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika.

Chumvi, kitunguu saumu na tangawizi vinakuja baada ya hapo, si kabla. Kama una jiko la mkaa, mbanike, mafuta yadondoke kwenye makaa yaende na mambo yao. Wa mchuzi mkaange kwanza mpaka akauke kingo, ndipo umtumbukize kwenye rojo la nyanya lililokwisha kuiva, na ukwaju kidogo mwishoni. Kumchemsha mbichi kwenye sufuria iliyofunikwa ni kumrudishia harufu yake mwenyewe.

Baba mkwe siku hizi huagiza vipande vya mkia, na ujumbe bado unapitia kwa mama.

Jambo moja limebaki, nalo ni mafuta uliyomkaangia kambale. Yameshapokea kile ulichokuwa unakikimbia, kwa hiyo usiyatunze kwa ajili ya kitu kingine. Mimi niliyachuja nikakaangia maandazi ya kuuza asubuhi. Saa moja kondakta mmoja akauma andazi, akalitazama, akauliza kama siku hizi navua na maandazi.