Somo: Malta bila kuachwa na basi

Wakuu, salaam. Wengi mmeniuliza inbox kuhusu kusafiri Malta, ile nchi ya visiwa huko Ulaya, basi naweka hapa mara moja. Maswali mwishoni.

Hatua ya 1: Viza. Ni Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na pesa ni euro. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Hatua ya 2: Adapta usinunue. Mwingereza alitawala kule hadi 1964, akaacha soketi za matundu matatu kama zetu, magari kushoto, na Kiingereza kila ofisi.

Hatua ya 3: Usipime kwa kilomita. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, haifikii hata nusu ya Pemba, ndiyo maana mgeni hujidanganya kwamba atazunguka kote asubuhi moja. Foleni ni za kweli. Kutoka Valletta, mji mkuu, hadi gati la Ċirkewwa basi huchukua saa nzima na zaidi. Kingine: nilisimama kituoni Sliema, mwezi wa nane, jua la utosi, macho kwenye simu. Basi nililolingoja likanipita hivihivi. Mzee mmoja akacheka, akanionyesha: unapunga mkono, la sivyo dereva anajua hupandi. Likijaa halisimami hata ukipunga, kwa hiyo pandia pale linapoanzia.

Hatua ya 4: Gozo, kisiwa chao cha pili. Pantoni kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr, bandari ya Gozo, ni kama dakika 25. Usihangaike kutafuta tiketi wakati wa kwenda. Nauli hulipwa Mġarr wakati wa kurudi. Mkifika pandeni Ċittadella, ile ngome ya mji wa Victoria. Lile dirisha la mwamba mnaloliona kwenye kadi lilianguka baharini Machi 2017, msilifuate.

Hatua ya 5: Kata nafasi mapema. Mahandaki ya kale ya Ħal Saflieni huingiza watu 10 tu kwa awamu, na nafasi huisha wiki kadhaa kabla. Blue Lagoon, pale pa kuogelea kwenye kisiwa kidogo cha Comino, nayo sasa ni kwa kujiandikisha mtandaoni.

Hatua ya 6: Bahari. Fukwe nyingi ni mwamba, si mchanga, beba viatu vya kuogelea. Bendera ya zambarau maana yake kuna yavuyavu majini. Kaa nje.

Na jambo lililonifurahisha kuliko yote: lugha. Dukani mama alikuwa akihesabu chenji, nikasikia "sitta", "sebgħa", "disgħa". Ishirini kwao ni "għoxrin", kitabu ni "ktieb". Kiarabu kimetuzalia ndugu huko, ingawa wao wanaandika kwa herufi za Kilatini.

MASWALI

Swali: Shukrani mkuu. Sisi hatuli nguruwe, tutakula nini?
Jibu: Samaki wamejaa, hasa Marsaxlokk, soko la Jumapili. Pastizzi, zile sambusa zao za jibini au njegere, ni tamu na bei rahisi, ila uliza kwanza kama wametumia mafuta ya nguruwe. Sungura ndiye mlo wao wa fahari. Msikiti upo Paola.

Swali: Maji ya bomba yananyweka?
Jibu: Ni salama. Mengi ni ya bahari yaliyochujwa, ladha yake tu ndiyo utaishangaa. Mimi nilinunua ya chupa, sikuweza.

Swali: Mwezi gani mzuri, kaka?
Jibu: Wa tano au wa kumi, dada. Wa nane waachie wenye ngozi ngumu.

Swali: Kanisa la Mtakatifu Yohana, Valletta, mavazi vipi? Nataka kuiona ile picha ya mchoraji Caravaggio.
Jibu: Funika mabega. Visigino vyembamba haviruhusiwi, maana sakafu yote ni mawe ya makaburi, marumaru ya rangi. Vaa raba.