Ngome asubuhi, kasri adhuhuri: namna ya kuitembelea Alentejo

Baba yangu alikuwa mwashi kwa miaka arobaini, na akiingia kwenye jengo lolote huanza na kona. Dari na mapambo atayatazama baadaye. Kwanza anasogea kwenye pembe ya ukuta, anapitisha kiganja, ananyamaza. Nimezunguka naye mara mbili Alentejo, eneo lile pana la kusini mwa Ureno ambalo jina lake maana yake ni ng'ambo ya mto Tejo. Haya ninayokueleza nimeyapata kwa makosa ya safari ya kwanza na kwa macho yake katika safari ya pili.

Tuanze na jua, maana ndilo litakalokupangia siku. Mara ya kwanza tulikwenda Agosti, mwezi ambao joto huweza kupita nyuzi 40. Tulifika kwenye ngome moja saa saba mchana, tukakuta lango limefungwa kwa chakula cha mchana. Hapakuwa na mti wala kibaraza, na Baba akashikwa na kizunguzungu. Tangu siku hiyo nina kanuni moja tu: ngome asubuhi, kasri adhuhuri, kisha ngome tena jua likianza kupunga. Ngome ni mawe na anga, kivuli hakuna. Kasri lina kuta nene, na hata jua likiwa utosini ndani kuna ubaridi wa mtungi. Kama una nafasi ya kuchagua, nenda Aprili au Mei, mashamba yakiwa bado mabichi na maua ya porini yamejaa kandokando ya barabara. Jumatatu usipange jambo kubwa, kwani sehemu nyingi hufungwa. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo zitazame tena usiku wa kuamkia safari.

Fanya Évora iwe kituo chako. Basi au treni kutoka Lisbon huchukua takriban saa moja na nusu. Ukishafika kodi gari, maana mabasi ya kwenda miji midogo ni machache na mwisho wa wiki hupungua zaidi. Katika bustani ya mji limebaki jengo moja la kasri la Mfalme Manuel. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo Vasco da Gama alipokabidhiwa uongozi wa msafara ule uliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nilisimama pale na jina hilo kichwani, nikawaza bahari, na Évora haina bahari. Nusu saa inatosha.

Siku ya kwanza ya barabarani, ondoka mapema uende Évora Monte, kama kilomita 30 hivi. Utaiona ngome kutoka mbali, juu ya kilima: jengo moja zito lenye minara minne ya duara kwenye pembe zake. Tetemeko la mwaka 1531 liliiangusha ya zamani, na hii ikajengwa upya na ukoo wa Bragança. Usikimbilie kuingia. Izunguke kwanza kwa nje. Utaona kamba nene iliyochongwa kwa mawe imelizunguka jengo, na katikati ya kila upande kamba hiyo imepigwa fundo. Baba alisimama chini ya fundo moja muda mrefu, kisha akasema, "Hawa wamelifunga jengo kama mzigo wa kupandisha jahazini." Hakuwa mbali na ukweli. Kwa Kireno neno "nós" ni mafundo, na pia ni "sisi". Wakuu wa Bragança walikuwa na kaulimbiu yao, "Depois de vós, nós", yaani baada yenu, sisi. Walikuwa wakimwambia mfalme kwamba wao ndio wanaofuata kwa cheo. Mwaka 1640 mmoja wao akawa mfalme kweli, João wa Nne. Ukishalijua hilo, fundo lile la jiwe hulitazami tena kama pambo.

Ndiyo maana napenda kwenda moja kwa moja kutoka Évora Monte hadi Vila Viçosa siku hiyohiyo. Ukoo ni uleule. Kule umeuona ndani ya ngome, huku utauona ukiishi kwa raha. Kasri la Vila Viçosa lilianza kujengwa mwaka 1501, na uso wake wote ni marumaru, urefu wa mita 110, mbele ya uwanja mtupu mkubwa. Mawe hayakutoka mbali, kwani eneo zima ni machimbo, na ukiendesha gari utayaona mashimo yenye kina cha kutisha kando ya barabara. Ndani huwezi kuzunguka peke yako. Watu huingia kwa zamu wakiwa na mwongozaji. Fika mapema, kata tiketi, uliza zamu yako ni saa ngapi, ndipo ukale.

Vyumba ni vingi na utachoka. Ningekuwa wewe ningezitunza nguvu kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni vyumba vya Mfalme Carlos, ambavyo nguo na vitu vyake vimo bado. Aliondoka hapa tarehe 1 Februari 1908 kurudi Lisbon, na jioni hiyohiyo akapigwa risasi akafa, yeye na mwanawe mrithi. Sehemu ya pili ni jiko. Masufuria ya shaba yamepangwa ukutani kwa mamia, kuanzia ya kukaangia yai moja hadi ya kupikia karamu nzima, na yote yanang'aa. Mwongozaji wetu alizungumza Kireno, na Baba alikuwa amejitenga kidogo akichunguza sakafu. Ghafla akageuka: "Amesema meza?" Ndiyo, alisema "mesa". Kuanzia hapo akawa anawinda maneno. "Bandeira" ni bendera yetu. Na kila kibao cha "igreja" mjini, yaani kanisa, ndilo neno linaloelezwa kuwa lilituachia "gereza". Mfundishe maneno hayo mzee au mtoto utakayekwenda naye, hatachoka haraka.

Kuhusu chakula: nyama ya nguruwe iko kila mahali Alentejo, mpaka ndani ya supu. Kama huli, sema "sem carne de porco" kabla ya kuagiza, usingoje sahani ifike. Açorda, mkate uliolowekwa kwenye maji ya moto yenye kitunguu saumu, giligilani, mafuta ya zeituni na yai, ilimtosha Baba siku tatu mfululizo. Uliza tu mchuzi umetokana na nini.

Jioni panda Estremoz, kama kilomita 18 kutoka Vila Viçosa. Mnara wake wa marumaru una urefu wa mita 27, na kasri lililoushikilia sasa ni hoteli. Sisi tulipita mapokezi, tukaomba kupanda, tukaruhusiwa. Malkia Isabel, anayeheshimiwa kama mtakatifu, alifia hapa mwaka 1336. Wenyeji watakusimulia jinsi mkate aliowafichia maskini ulivyogeuka maua ya waridi alipobanwa na mumewe.

Hapo juu ya mnara ndipo Baba aliponifunza kusoma ukuta, na nakuomba ujifunze pia, kwani bila hivyo ngome ya tatu itafanana na ya kwanza. Anza na kona, alisema, kwa sababu fundi huweka mawe yake bora pembeni, ya katikati ni kujaza. Kisha tazama yale meno ya juu ya ukuta. Serikali ya Ureno ilikarabati ngome nyingi katika miaka ya 1930 na 1940, na mara nyingi meno yaliongezwa wakati huo. Ukiona kingo za jiwe bado kali na kiungo chake ni cha saruji ya kijivu, hiyo ni kazi ya juzi. Chokaa ya zamani ni nyeupe inayoelekea rangi ya mchanga, tena imemomonyoka na kuacha jiwe limejitokeza. Angalia pia matundu. Ufa mwembamba uliosimama ni wa mpiga mishale. Ukikuta duara chini ya ufa, ujue bunduki na mizinga imeshaingia vitani. Na mlango wa mnara mkuu ukiwa juu sana kutoka ardhini, hapo zamani palikuwa na ngazi ya mbao ya kuondolewa adui akija.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Beja kusini, kwenye mnara wa karibu mita 40 wenye vyumba vitatu vilivyopandiana na dari za mbavu za mawe zinazokutana kama nyota. Au nenda Monsaraz jioni, uliangalie ziwa la Alqueva likibadilika rangi. Gari liache nje ya ukuta. Kwa zote mbili vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana mawe ya njiani yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Juu ya kuta za Monsaraz, na za Marvão, mji wa ngome nitakaokueleza sasa hivi, kuna sehemu ndefu zisizo na kizuizi chochote upande wa ndani. Mtoto mshike mkono, usimwachie hata kwa ajili ya picha.

Marvão iache iwe ya mwisho, na ulale hukohuko ndani ya kuta. Iko juu ya jabali, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, karibu na mpaka wa Hispania. Wageni wa mchana wakishateremka, mji unabaki na paka na upepo. Asubuhi wahi ngome inapofunguliwa. Ukiingia tu, kabla hujapanda popote, tafuta mlango wa birika la maji: chumba kirefu chini ya matao, maji yametulia gizani. Baba aliteremka ngazi kwa fimbo yake, akakohoa kidogo, na kikohozi kikamrudia kutoka mwisho wa giza. Akakohoa tena. Kisha akaweka kiganja kwenye lipu ya ukuta, akaanza kunieleza namna chokaa inavyokandwa mpaka ishike maji karne kwa karne, na tulipotoka kule chini kifungua kinywa cha hoteli kilikuwa kimeshaondolewa mezani.