Jinsi ya kupiga picha makundi ya bata ziwani wakati wa baridi (maswali yenu yako chini)

Wakuu salama? Mimi niko Toronto, picha zangu nyingi napigia Humber Bay, Ziwa Ontario. Hili ziwa sehemu kubwa huwa haigandi, ndiyo maana bata wanaozaliana huko juu kabisa Aktiki, hasa wale wa mkia mrefu, wanashuka kuja kukaa hapa miezi ya baridi.

Hatua ya 1: jua kwanza, kamera baadaye. Hapa ndo wengi wanachemka. Toronto iko ukingo wa kaskazini wa ziwa, na Desemba jua liko upande wa kusini mchana kutwa, saa sita halizidi nyuzi 23 hivi, sasa ukisimama ufukweni ukatazama ziwa, jua linakupiga usoni na bata wote wanatoka weusi kama masizi. Dawa ni kutembea mpaka ncha ya rasi halafu ugeuke utazame ndani ya ghuba, asubuhi uelekee magharibi, jioni mashariki. Raha yake jua likiwa chini hivyo mwanga unakuwa mtamu hata saa tano, kuamka alfajiri sio lazima.

Hatua ya 2: upepo. Bata wakipumzika wanaelekeza mdomo kule upepo unakotoka, wakiruka hivyo hivyo, wakitua hivyo hivyo. Upepo ukikupiga mgongoni unapata nyuso, ukikupiga usoni unapata makalio tu. Siku jua na upepo vimegombana mimi nachagua jua, mtabisha, sawa.

Hatua ya 3: seti kamera. Shata (kasi ya kupiga) 1/1600 ya sekunde, f/8 (uwazi wa lenzi), ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) iwe oto. Maji yakiwa meusi kamera inadanganyika inadhani ni giza, inaongeza mwanga, weupe wa ubavuni unaungua na manyoya hayaonekani tena (baridi yangu ya kwanza hapa nilitupa picha za siku nzima kwa ajili hiyo), kwa hiyo punguza mwanga 0.7 hivi (kwenye ile alama ya +/- ya kamera) halafu angalia tena, maana siku ya mawingu maji yakiwa ya kijivu hiyo hesabu inabadilika. Na msidhani f/8 inashika kundi zima. Lenzi ya milimita 500, sensa ya fulu fremu (ile kubwa), bata wako mita 30, sehemu yenye ukali haifiki hata mita mbili kwenda nyuma. Subiri wajipange sambamba na wewe, fokasi weka kwenye jicho la aliye karibu.

Hatua ya 4: kusogea. Hawa ni bata wa kuzamia, na wale wa macho ya dhahabu mara nyingi kundi linazama karibu kwa pamoja. Wakizama, songa hatua nne tano, wa kwanza akiibuka tu, ganda kama mti. Ukiona wamenyoosha shingo wote na wanaanza kuogelea kwenda mbali ujue umezidisha, rudi nyuma, kwenye baridi hii kila wakiruka wanachoma mafuta wanayoyahitaji usiku. Bata watano sita lala kifudifudi, lenzi ikaribie maji. Kundi la mia usilale, watafunikana, simama kwenye mawe ya juu kidogo.

Hatua ya 5: subira. Kichwa kisifunike kichwa, basi. Juzi nilikaa na wanane, dume mmoja kila saa anatupa kichwa nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo, kwa ajili ya jike ambaye hata hamtazami 😂. Fremu 200, nimebakiza mbili.

MASWALI

Swali: Mkuu picha zangu za mbali ziko kama zimepakwa mafuta, lenzi mbovu?
Jibu: Sidhani. Maji ya ziwa yana joto kuliko hewa, joto likipanda picha inacheza, na kadiri ulivyo mbali ndo inazidi. Pia kama unapiga kutoka ndani ya gari na hita inawaka umejiroga mwenyewe, zima, shusha kioo, ngoja.

Swali: Kaka betri inakufa baada ya nusu saa, na nikirudi ndani lenzi inajaa umande.
Jibu: Betri ya pili iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, ile iliyokufa ipashe joto, mara nyingi inafufuka kidogo. Umande: funga kamera kwenye mfuko wa zipu ukiwa bado nje, ukiingia usiufungue saa moja au mbili. Kadi ya memori itoe kabla, najua hamtavumilia.

Swali: Sisi wa Naivasha je? Huku hakuna theluji ila bata wa Ulaya tunawaona.
Jibu: Hao hao, dada. Wale wa mdomo mpana kama koleo wanakimbilia kwenu baridi ikianza huko kwao. Tofauti ni jua, kwenu linapanda fasta, saa tatu asubuhi vivuli vishakuwa vikali, kwa hiyo wahi. Na ile ya kulala kifudifudi ukingoni isahau kabisa, kuna viboko. Kodi boti, kaa chini ndani ya boti, mwambie nahodha azime injini mapema boti isogee yenyewe.