Gari ya otomatiki kwenye vilima vya Pemba

Kama gari yako ya otomatiki ina vile vidude viwili vya kubadilishia gia nyuma ya usukani, cha kushoto alama ya kutoa, cha kulia ya kujumlisha, usiviache bure. Ukitoka Chake Chake kwenda Mkoani na gari imejaa watu, kivute cha kushoto mara moja kabla hujaanza kuteremka kilima. Gia inashuka, injini inanguruma na kuizuia gari, breki hazipati moto. Usiogope ngurumo hiyo; gia ikiwa ndogo mno kwa mwendo wako, gari yenyewe hukataa. Mvua ikinyesha, shusha mojamoja, taratibu. Na tafadhali, gusa breki kidogo taa ziwake, maana wa bodaboda nyuma yako hajui kama unapunguza mwendo.