Pima kwanza, springi za valvu utanunua baadaye

Usinunue springi za valvu kabla silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, haijarudi kutoka kwa fundi wa mashine. Siti (pale valvu inapokalia ikifunga) na uso wa valvu vikisagwa, valvu inazama, na shina lake linachomoza zaidi kwa juu. Springi hapo inakaa imelegea, hata ikiwa mpya kabisa. Chukua springi yenye nguvu ya kilo 5 kwa kila milimita: kimo, yaani urefu wa springi ikiwa mahali pake na valvu imefunga, kikizidi milimita 1 tu, umeshapoteza kilo 5.

Kipimo kinachonipa usingizi, basi, ni hicho kimo. Tumbukiza valvu, vika kofia inayoshika springi kwa juu na vile vipande viwili vidogo vinavyobana shina, ila springi usiweke. Vuta kofia juu hadi valvu ikalie siti, kisha pima kwa vania, kile kipimo cha taya, kutoka kikalio cha springi hadi chini ya kofia. Injini kama 3L na 5L za Toyota zina valvu 8. Pima zote, na kila moja uiandikie namba yake kwa chaki pembeni ya hedi, maana hazilingani. Kimo kilichozidi kinarudishwa kwa wosha nyembamba ya chuma chini ya springi. Ikihitajika nene kuliko milimita 1.5, mimi sipachiki. Hedi inarudi ikabadilishwe siti.

Za zamani zisimamishe kwenye kipande cha kioo, skwea (rula ya pembe mraba) ikiwa ubavuni, uzungushe polepole. Iliyoinama itakuonyesha mwanga kwa juu. Linganisha urefu na kitabu cha injini hiyo hiyo, kisha zitazame kwenye jua: mkwaruzo au kidoa cha kutu ndipo ufa unapoanzia. Ikifa moja, nunua seti nzima. Valvu ikidondokea pistoni, gharama yake hailinganishwi na springi.

Nguvu utaipima hata bila mashine maalumu: weka mzani wa kupimia uzito wa mtu chini ya drili ya meza, kandamiza springi hadi kimo chake, usome kilo.

Ukibadilisha kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa inayoinua valvu zaidi, hakikisha valvu ikifunguka hadi mwisho springi bado ina angalau milimita 1.5 kabla mizunguko yake haijagusana. Wala usikimbilie springi ngumu. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 2,000, na ugumu usiohitajika unaila kamshafti kila mara hiyo. Ngumu ni ya injini inayokimbizwa sana, ambayo springi laini ingeacha valvu ichelewe kufunga.

Siku ya kufunga, paka oili. Upande wenye mizunguko iliyosongamana unaelekea chini, kwenye hedi. Ukimaliza, gonga ncha ya kila shina kwa nyundo ya plastiki. Kipande cha kubana shina ambacho hakikukaa vizuri kitaruka hapo mezani.