Nani Alikuwa Stoo? Mchezo wa Upelelezi kwa P.6 (Darasa la Sita la Msingi)

Mchezo wa upelelezi unafundisha kufikiri pale tu vidokezo vinapombana mtu mmoja. Vikibaki wawili, watoto wanabahatisha, na anayepatia anapigiwa makofi ya bure. Kwa hiyo amua jibu kwanza, ndipo utunge vidokezo.

Chukua huu. Mpira umetoweka stoo saa kumi jioni. Nakato na Achieng (wasichana), Okello na Mugisha (wavulana), kila mmoja alikuwa mahali pake peke yake: stoo, jikoni, kisimani au maktaba. Kadi ni tano:

- Kisimani alikuwapo msichana.
- Nakato hakufika kisimani wala stoo.
- Jikoni alikuwapo mvulana.
- Okello hakukanyaga jikoni.
- Mugisha anapenda mpira kuliko wote.

Karatasi ya manila ukiikunja mara tano unapata vipande 32. Darasa la watoto 70 ni makundi 14 ya watano, kadi 70, yaani manila tatu. Kila mtoto ashike kadi moja na kuisoma kwa sauti. Asiitoe mkononi, la sivyo mjanja wa kundi atazikusanya zote na wengine watakaa tu.

Kwenye daftari wachore jedwali: majina upande wa kushoto, mahali juu. Palipokataliwa X, palipothibitika alama ya vema. Kosa kubwa liko hapa: wakishaweka vema, wanasahau kujaza X kwenye mstari na safu yake yote, wanakwama. Achieng akiwekwa kisimani, kisima kimefungwa kwa wengine, na yeye hawezi kuwa kwingine.

Kadi ya tano ni mtego. Wengi watamkamata Mugisha papo hapo. Usiwakatize, uliza tu, "Kadi hiyo inamweka wapi saa kumi?" Haimweki popote. Mugisha alikuwa jikoni, Nakato maktaba, Okello ndiye aliyekuwa stoo.

Wajadiliane kwa Luganda, Ateso au lugha yoyote wanayoielewa, lakini sababu ziandikwe kwa Kiswahili: "Tunajua… kwa hiyo…" Kati ya alama 10, jibu lipewe 2, sababu 8. Kipindi cha dakika 40: maelezo 5, makundi 20, kueleza ubaoni 15.

Usitumie majina ya watoto wa darasa hilo. La sivyo, hata kengele ikilia, "mwizi" wa mchezo ataitwa hivyo hadi Ijumaa.

Wiki inayofuata watunge wao. Kundi jingine lijaribu kuondoa kidokezo kimoja kimoja: kama jibu linabaki lilelile, kidokezo hicho ni cha ziada.